Mwanamke wa Joho la Kijivu

Watu wote waliomfahamu walimwita Cherehani, na wala si kwa sababu alijua kushona. Kifungo kikimkatika alimpa mumewe akirudishie. Jina hilo alibandikwa utotoni na mjomba wake kwa ajili ya mguu wake wa kulia, ambao haukujua kukaa. Mwili mzima ungetulia, mikono ikalala mapajani kama ya mgeni mwenye adabu, lakini huko chini mguu ulikuwa unakanyaga tu, unakanyaga, kama wa fundi ambaye wateja wamemsimamia mlangoni. Sasa alikuwa mtu mzima mwenye watoto wawili, na kwa bahati mbaya kazi yake ilikuwa ya kukaa. Alikuwa mapokezi katika kliniki ya meno. Alipokea simu, aliwapanga wagonjwa, akawabembeleza wale waliosikia mlio wa mashine nyuma ya mlango wakakumbuka ghafla kwamba wana shughuli nyingine mjini.

"Unawatuliza wenzako," daktari alizoea kumtania, "wewe nani atakutuliza?"

Kitu kimoja tu duniani kiliwahi kumkalisha, nacho ni filamu za Taji la Moshi.

Zilikuwa nne, na karibu kila mtu alizijua: mwana wa mfalme aliyegeuzwa mwewe, malkia asiyezeeka, mchawi mwenye ndevu za moshi, joka lililolala chini ya mji. Watoto walivaa fulana zenye picha zake, na watu wazima waligombana juu ya mwisho wake. Lakini mashabiki wengine walizijua filamu hizo kama zilivyotengenezwa. Cherehani alizijua kama alivyozisikia kwa Mjomba.

Mjomba alikuwa na banda la video. Lilikuwa la mabati, lenye mabenchi, televisheni moja juu ya kasha, na yeye mwenyewe kando ya hilo kasha na kipaza sauti mkononi. Filamu zilikuja na lugha za watu, kwa hiyo alipunguza sauti ya mkanda akawasimulia watazamaji yanayotokea. Kusema kweli, lugha zenyewe alizishika juu juu. Alipoelewa, alitafsiri. Asipoelewa hakusita hata kidogo, alitunga. Yule mchawi alimwita Bwana Kodi, kwa heshima ya mwenye nyumba wake. Joka alilipa jina la Mama Mkwe, na kila lilipofumbua jicho banda zima liliitikia kwa sauti moja, "Shikamoo!"

Cherehani alilelewa humo. Mama yake alimwacha kwa Mjomba akisema anakwenda kutafuta kazi, akishapata chumba atarudi kumchukua. Hakurudi. Habari zake zilikuja kwa vipande, miaka na miaka, kupitia kwa watu waliopita: yuko mji fulani, ameolewa, ana watoto wengine. Mwishowe ikaja ya msiba, nayo ilikuja wakati alishazikwa.

Sasa, ndani ya filamu hizo alikuwamo mwanamke mmoja wa joho la kijivu. Hakuwa na neno hata moja la kusema. Katika ya kwanza alikatiza uwanja wa soko na kikapu. Katika ya pili alisimama langoni askari wakitoka. Katika ya tatu alionekana kwa mbali nyuma ya msafara wa malkia. Katika ya nne, mji unapoungua na watu wanakimbilia nje kama siafu, yeye peke yake alionekana darajani anakimbilia ndani.

"Huyo mnayemwona," Mjomba alisema kwenye kipaza sauti, "msimpuuze. Ana mtoto wake, walipotezana. Anamtafuta mji mzima, nyumba kwa nyumba. Mnaona? Wenzake wanatoka, yeye anaingia. Hatoki mpaka ampate."

Mtoto wa benchi la mbele alimtazama mwanamke yule mpaka akapotea kwenye moshi, na kanda ilipokwisha aliomba irudishwe nyuma.

Alipokua alijua fika kwamba Mjomba alikuwa akitia chumvi. Alijua kuwa hakuna mchawi aitwaye Bwana Kodi. Hata hivyo, aliponunua televisheni yake mwenyewe na filamu zikaanza kuonyeshwa na sauti zake halisi, alizizima sauti zile. Zilimkera, kama chai iliyotiwa sukari na mtu asiyekujua. Aliangalia kimyakimya huku maneno ya Mjomba yakijisema yenyewe kichwani, na mwanamke wa kijivu alipopita alisogea karibu na kioo. Yule hakuwahi kumweka kwenye hesabu ya chumvi.

Mumewe aliyajua hayo nusunusu. Yeye alikuwa fundi wa mabomba, na kila mtu, pamoja na mkewe, alimwita Fundi. Alikuwa mtu wa maneno machache na usingizi mzito. Kampuni yake ilipompeleka nchi nyingine kwa mafunzo ya pampu mpya, naye akagundua kwamba mji wa Taji la Moshi umehifadhiwa kule kule, nje kidogo ya mji wa mafunzo, na watu huruhusiwa kuutembelea, alimpigia mkewe simu.

"Fanya mpango uje," alisema. "Ile filamu yako ipo huku."

"Ipo vipi?"

"Ipo. Mji wenyewe. Watu wanaingia kwa mlango."

Upande wa pili wa simu kulikuwa kimya, jambo ambalo Fundi hakulizoea.

*

Asubuhi ya kwenda kuuona mji huo, katika chumba cha Fundi kule mafunzoni, Cherehani alivaa gauni, akalivua, akavaa suruali, akalirudia gauni. Alipanga mkoba, akaumwaga kitandani, akaupanga upya. Fundi alipofumbua macho alimkuta amesimama dirishani na viatu mguuni, anachungulia barabara kana kwamba basi lingetoroka.

"Bibie, hata waliojenga huo mji hawajaamka bado."

"Amka wewe. Usingizi utaulala nyumbani."

Ndani ya basi alibadilisha kiti mara kadhaa, mara jua, mara upepo, mara abiria wa mbele ana kichwa kikubwa. Fundi alijiegemeza akafumba macho. Alishakata shauri zamani kwamba mke huyu ni kama hali ya hewa, unachukua mwavuli unakwenda naye.

Mtembezaji wao alikuwa msichana mchangamfu mwenye kofia ya studio, aliyezungumza lugha ya pale polepole ili wageni wote wamwelewe. Cherehani aliijua ya shuleni na ya wagonjwa wa kigeni waliofika kliniki, ikamtosha. Walipita chini ya lango lenye vichwa vya mwewe, na mji ukawafungukia mbele yao.

Ulikuwepo kweli. Soko, kisima, ngazi za kupanda ikulu, madirisha membamba, bendera zilizochanika vizuri. Watalii walianza kushangilia na kupiga picha. Cherehani hakupiga. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta, akauwekea kiganja. Jiwe halikuwa na baridi. Aligonga kwa kidole, likalia kama boksi.

"Plaiwudi," alisema Fundi nyuma yake, akiinama kuchungulia. "Na juu yake jasi. Kazi safi lakini, huwezi kumlaumu mtu."

Alisukuma mlango mmoja wa nyumba. Nyuma yake hakukuwa na chumba. Kulikuwa na mabomba ya chuma yaliyoshikilia ukuta, majani, na ndoo ya rangi iliyokauka. Akasukuma wa pili. Majani tena. Wa tatu ulikuwa umechorwa tu.

Hilo halikumvunja moyo, kwa sababu hakuwa mjinga, alijua mji wa filamu si mji. Kilichomsumbua kilikuwa kingine ambacho hakukipatia jina. Alitembea mbele ya kundi, akarudi nyuma ya kundi, akapanda ngazi wakati wengine wanashuka. Mtembezaji alieleza jinsi joka lilivyotengenezwa, watu wakacheka, yeye hakusikia. Alikuwa anatafuta sehemu. Kisima kilikuwa wapi, kikapu kilipita upande gani, lango alisimama kushoto au kulia. Alipopata pembe ile ya soko aliyoiona mara elfu, na ukuta ule ule wenye ufa kama mkono, alimshika mtembezaji mkono.

"Samahani, dada. Yule mwanamke wa joho la kijivu alipita hapa, sivyo?"

"Mwanamke yupi, mama?"

"Yule anayemtafuta mtoto wake."

Msichana alitabasamu kama mtu anayesubiri amaliziwe fumbo. "Katika filamu ipi?"

"Zote. Ya kwanza anakatiza hapa na kikapu. Ya mwisho anakimbilia ndani, darajani, moto unawaka."

"Hakuna hadithi ya mtoto aliyepotea, mama," alisema kwa upole. "Nimezisoma zote nne, ndiyo kazi yangu. Labda umechanganya na filamu nyingine?"

Mtalii mmoja aligeuka kumwangalia.

"Sijachanganya," alisema. "Mimi nimemwona."

Msichana hakutaka kumfedhehesha mgeni. Aliwaza kidogo, kisha akasema kwamba kwenye jumba la mavazi kuna mama mmoja aliyefanya kazi tangu filamu ya kwanza, na kundi linaelekea huko huko, basi wamuulize yeye.

*

Jumba la mavazi lilikuwa refu kama ghala, lenye baridi ya mashine na harufu ya dawa ya nondo. Mbele, nyuma ya vioo, zilikuwa nguo za wakubwa: gauni la malkia, kanzu ya mchawi, vazi la manyoya la mwana wa mfalme. Huko ndiko watalii walikosongamana. Mtunza mavazi alikuwa ameketi pembeni, miwani kwenye kamba shingoni, anang'oa nyuzi kwenye pindo la kitu fulani. Alikuwa mwanamke mnene mwenye mvi fupi na vidole vyenye alama za sindano. Mtembezaji alimweleza. Mtunza mavazi alimwangalia Cherehani, akaweka kazi yake chini, akainuka akishikilia kiuno.

"Joho la kijivu," alisema. "Njoo."

Walipita vioo, wakapita pazia, wakaingia nyuma ambako watalii hawafiki. Humo nguo zilitundikwa safu kwa safu bila taa za urembo. Mtunza mavazi alivuta safu moja. Yalikuwa majoho ya kijivu, yamebanana kama mashati ya dukani. Marefu, mafupi, mapana, moja lina kiraka kwapani, jingine limeungua pindo.

"Lako ni lipi kati ya haya?" aliuliza.

Cherehani hakuelewa. "Lile la yule mwanamke."

"Mama, hakukuwa na mwanamke. Kulikuwa na siku za kupiga picha ambapo uwanja unaonekana mtupu. Mwongozaji anapiga kelele, nileteeni watu. Tunaokota yeyote, mpishi, mke wa dereva, binti aliyekuja kumtembelea shangazi yake. Asiyekuwa na nguo ya kuvaa tunamfunika la kijivu, maana la kijivu haligombani na rangi yoyote. Anapita, basi, anarudisha, anakwenda zake."

"Kwa hiyo yule wa kikapu..."

Mtunza mavazi alicheka kidogo. "Wa kikapu nilikuwa mimi."

Cherehani alimtazama uso kwa uso. Alitafuta kitu pale, kwenye mashavu mapana, kwenye macho yaliyochoka kwa sindano. Aliwahi kusogelea kioo cha televisheni mpaka pua ikakigusa ili auone uso huu.

"Ulikuwa unakwenda wapi?" aliuliza. Sauti ilimtoka kama ya mtoto. "Pale na kikapu. Ulikuwa unatafuta nini?"

"Choo," alisema mtunza mavazi. "Tulikuwa tumesimamishwa juani tangu asubuhi, mwenzangu, nami nimekunywa chai nyingi. Ndiyo maana unaniona nina haraka. Mwongozaji alinisifu, akasema natembea kama mtu mwenye shida yake."

Mtembezaji aliangua kicheko. Cherehani naye alicheka, kwa adabu, kwa meno tu.

"Na wa darajani? Aliyekimbilia ndani?"

"Huyo alikosea. Alikuwa binti wa siku moja tu, hata jina lake sikulishika. Waliambiwa wakimbie, yeye alikuwa amegeukia upande ule, akakimbia alikoelekea. Walitaka kurudia, lakini moto ulishateketeza kilichokuwepo. Wakaiacha hivyo hivyo."

Cherehani alishukuru. Alishukuru mara mbili, akapeana nao mikono, akatoka kupitia pazia, akapita vioo, akampita Fundi aliyekuwa amesimama akisoma kibandiko, akatoka nje. Hakukimbia, ila hakuna aliyeweza kumfikia. Alishuka ngazi za ikulu, akakata uchochoro, akasukuma mlango, majani, akarudi, akachukua uchochoro mwingine. Alikuwa anajiambia, wewe ni mtu mzima, una watoto, unapanga wagonjwa wa watu. Kipi kilichokufa hapa? Hakuna aliyekufa. Lakini miguu ilikataa kusimama. Ikampeleka mpaka nyuma kabisa ya mji, penye uzio wa seng'enge na gari bovu la studio, na huko akatoa simu.

*

Aliyepokea ni binti wa Mjomba, ambaye mzee alikuwa akiishi kwake sasa kwa sababu ya macho. Baada ya kuulizana hali haraka haraka, alimpelekea simu.

"Cherehani!" Mzee alipiga kelele kama ilivyokuwa desturi yake, kwa imani kwamba umbali unazidiwa kwa sauti. "Umeshafika kwa Bwana Kodi? Umemsalimia Mama Mkwe?"

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

"Mjomba, yule mwanamke wa joho la kijivu."

"Nani?"

"Wa kijivu. Anayemtafuta mtoto wake. Uliyetuambia hatoki mpaka ampate."

Mzee alitafuta kichwani, akiwataja kwa kunong'ona malkia, mfalme na mchawi.

"Mwanangu," alisema hatimaye, "simkumbuki."

"Humkumbuki?"

"Nimesimulia filamu ngapi mimi? Wengine walikuwa wanaruka, wengine wanapigana, na mimi nawapa maneno wote. Alikuwa na cheo gani?"

"Hakuwa na cheo! Alikuwa anapita tu! Wewe ndiye uliyesema ana mtoto. Leo wameniambia hakuwepo. Hakuwepo, Mjomba. Ni watu mbalimbali, mmoja alikuwa anakwenda chooni."

Alijisikia kuwa anapiga kelele. Ndege waliruka kwenye uzio. Upande wa pili, binti wa Mjomba aliuliza kwa mbali kuna nini, na mzee akamwambia anyamaze.

"Hebu ngoja," alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Wakati ule ulipokuja kwangu, ulikuwa hukai. Unakumbuka? Nikiweka filamu, dakika mbili hazipiti, umeinuka. Unapita mbele ya picha, unakwenda mlangoni, unaangalia barabarani. Unarudi. Kidogo tu, umeinuka tena. Watu wamelipa, wanataka kuona vita, wewe kichwa chako kiko katikati ya vita. Walikulalamikia banda zima. Mmoja akaniambia mfunge kamba huyu mtoto."

Cherehani aliushika uzio kwa mkono mmoja.

"Nilijua ulichokuwa unakiangalia huko barabarani," mzee aliendelea. "Na mimi nilikuwa nakiangalia. Alikuwa dada yangu. Lakini nitakwambia nini? Mtoto wa miaka ile unamwambia nini? Basi siku moja nikasema jambo fulani kwenye maiki, ukakaa. Sikumbuki nilisema nini, Mungu ni shahidi. Nakumbuka tu kwamba ulikaa. Nilisimulia mpaka mwisho huku nikikutupia jicho, nikisema moyoni, asiinuke, asiinuke."

"Ulinidanganya," alisema Cherehani, lakini hakukuwa na ukali ndani yake.

"Nilikukalisha. Sasa mbona unalia?"

"Silii."

"Haya. Usilie huku simu inahesabu."

Alipokata simu alibaki ameshika uzio. Alilia kweli, kwa hasira kwanza, akiupiga teke uzio wa watu. Hasira hiyo haikuwa ya Mjomba. Kwa mara ya kwanza alimwona mama yake bila joho la kijivu. Alikuwa mwanamke wa kawaida katika mji fulani, anachemsha maji ya watoto wengine, hakimbilii darajani, hagongi mlango wa mtu. Hakumtafuta. Jambo hilo alikuwa akilijua siku zote, lakini alilijua kama mtu anavyojua kuna shimo chini ya zulia: analikwepa akitembea. Sasa alilitazama, akajipangusa uso kwa kiganja, akalitazama tena.

Fundi alimkuta hapo. Alikuwa amezunguka mji mzima akimtafuta, suruali imejaa majani ya nyuma ya milango, na jasho linamtiririka. Hakuuliza. Alimpa chupa ya maji.

"Umepita wapi?" mkewe alimuuliza.

"Kila mahali. Nimefungua milango yote ya huu mji. Hauna hata nyumba moja."

Ndipo Cherehani alipocheka kicheko chake chenyewe, cha tumboni, mpaka maji yakampalia. Alimsimulia yote pale pale, bila kukaa, huku akitembea huku na huku mbele yake. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akakuna shingo.

"Yule mama wa mavazi," alisema, "umemwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Kwamba ulikuwa unamwangalia."

*

Kundi lilikuwa limeshasogea kwenye maporomoko ya maji ya ikulu. Wao wawili walirudi jumba la mavazi. Mtunza mavazi alikuwa kwenye kiti chake na pindo lake. Cherehani hakukaa alipokaribishwa. Alisimama mbele yake akikunja na kukunjua kamba ya mkoba, na kwa lugha ile ya shuleni, akikosea hapa na kujirudi pale, alimsimulia habari za mwanamke wa joho la kijivu. Alimweleza jinsi alivyopotezana na mwanawe sokoni. Jinsi alivyowauliza askari langoni, wasimjibu. Jinsi alivyoufuata msafara wa malkia akidhani mtoto amechukuliwa ikulu. Kisha moto, daraja, watu wanatoka, yeye anaingia. Alisema pia kwamba kulikuwa na mtoto aliyekaa benchi la mbele, na kwamba mtoto huyo alikuwa yeye.

Sindano ilikuwa imesimama zamani. Mtunza mavazi alivua miwani ikaning'inia kwenye kamba.

"Hakuna aliyeniambia," alisema.

"Hapana. Hakuna aliyejua."

"Ningejua," alisema polepole, "ningetembea vingine."

Walitazamana. Cherehani alitaka kumwambia kwamba alitembea vizuri kabisa, kwamba haraka ile ndiyo iliyokuwa sawasawa, lakini maneno ya lugha ile yalimwishia. Akainama akamkumbatia na kiti chake, na mtunza mavazi, ambaye pengine hakuwa mtu wa kukumbatiwa na watalii, alimpigapiga mgongo kwa mkono wenye sindano, akiwa mwangalifu asimchome.

Hawakuyaona maporomoko ya maji, jambo lililomuuma Fundi kuliko alivyoonyesha, kwa sababu alikuwa ameambiwa pampu zake ni za aina yake. Katika basi la kurudi aliyataja mara tatu.

Cherehani hakurudi nyumbani mtu mwingine. Wiki ile nzima hakuwa na raha. Aligombana na watoto juu ya vitu vidogo, alihamisha kabati kutoka ukuta huu kwenda ule na kulirudisha, na kliniki alimpanga mgonjwa wa kusafishwa meno siku ya wagonjwa wa kung'olewa. Kisha, Jumamosi moja, alichukua basi mchana kwenda kwa Mjomba akiwa na filamu ya kwanza mkobani.

Mzee alikuwa amefanyiwa upasuaji wa jicho moja na alikuwa anajisifu kwamba anaona mpaka nyuma ya watu. Walikaa kwenye kochi la bintiye. Cherehani aliweka filamu, na alipofika mahali pa kuzima sauti, hakuizima. Aliacha wenyewe waseme, kwa lugha ile ile ya mtembezaji.

"Sasa mimi nitaelewa nini?" Mjomba alilalamika.

"Nitakutafsiria."

Akamtafsiria, neno kwa neno, bila kuongeza. Mwanzoni mzee alipinga kila kitu. Alisema malkia hawezi kusema maneno baridi hivyo, alisema mtunzi hana huruma na watazamaji, alisema huyo mchawi walivyompunguzia vituko wamemharibu. Halafu usingizi ulimbeba, kidevu kikaanguka kifuani.

Cherehani aliendelea kuangalia peke yake. Ilikuwa filamu ngeni. Watu aliowajua maisha yake yote walikuwa wanaambiana mambo ambayo hakuwahi kuyasikia. Karibu na mwisho mchawi alisimama mbele ya mfalme, ndevu zinafuka, akasema sentensi moja fupi, na Cherehani akaruka kwenye kochi.

"Mjomba! Mjomba, amka!"

"Eeh? Joka?"

"Ni ndugu! Mchawi na mfalme ni ndugu, tumbo moja! Ndiyo maana hakuweza kumuua. Wewe hukutuambia!"

Mzee alijifuta mdomo, akalielekeza jicho lake jipya kwenye televisheni kwa mashaka makubwa.

"Ndugu kweli?"

"Baba mmoja, mama mmoja."

"Ahaa," alisema Mjomba, akajisogeza mbele mpaka ukingoni mwa kochi. "Hebu rudisha nyuma. Anza pale alipoingia, unisimulie vizuri."